Waliokufa Bila Kuhesabiwa: Rufiji na Kibiti Mbele ya Maradhi, 1859 hadi Leo

Februari 1859 jahazi liling'oa nanga Kunduchi likaelekea kusini. Ndani yake walikuwamo Richard Burton na John Speke, waliokuwa wametoka bara, safari ya Ujiji, siku chache tu kabla. Burton alikuwa na shauku ya kuiona delta ya Rufiji na kuupanda mto ule, ambao aliamini ungekuja kuwa njia kuu ya maji ya kuingilia Afrika Mashariki. Hakufanikiwa. Karibu mabaharia wake wote walikufa kwa kipindupindu na maiti zikatoswa baharini. Ugonjwa ulikuwa umeshapiga pwani ya Arabuni, Unguja na Pemba, na ulipofika bandari za kusini, Kilwa ikiwamo, ulikaribia kuzimaliza.

Kitabu alichokichapisha mwaka 1860 kinataja kilichomkwamisha. Hakuna baharia aliyekubali kuajiriwa kwenye chombo kilichobeba ugonjwa. Wabanyani waliosimamia biashara ya sandarusi katika nchi za mtoni waliwatia maneno wakuu wa bara wasimpokee. Na mto wenyewe ulikuwa umefurika na kumeza ukingo wake wa kaskazini. Kwa Burton, hivyo vilikuwa vikwazo. Ukiyasoma maelezo hayohayo ukiwa umesimama upande wa Rufiji, unawaona watu waliosikia habari za chombo chenye maiti wakafunga mlango wa mto wao. Wivu wa biashara ulikuwapo, bila shaka. Mwenye sandarusi hakutaka Mzungu achungulie bei zake. Lakini hofu ile ilikuwa na akili. Februari 2020, miaka 161 baadaye, Japani iliizuia bandarini Yokohama meli ya kitalii ya Diamond Princess iliyokuwa na watu zaidi ya 3,700, na dunia ikaona kuwa ni tahadhari.

Nimeanzia hapo kwa sababu tumezoea kusimulia historia ya magonjwa ya pwani yetu kana kwamba wananchi ndio tatizo: hawaelewi, wanakimbilia waganga, wanaficha wagonjwa, wanakataa chanjo. Historia ya Rufiji na Kibiti haisemi hivyo. Inaonyesha watu wakifanya mambo yaleyale kwa zaidi ya karne moja na nusu, kukimbia, kuomba dua, kujifukiza, kumshuku mgeni, na mengi kati ya hayo yalikuwa na maana katika hali waliyokuwa nayo. Kilichobadilika mara kwa mara ni mwenye mamlaka. Kuna nyakati alihesabu wafu na kuwaambia walio hai. Kuna nyakati hakuhesabu kabisa, na kuna wakati alihesabu kisha akanyamaza.

Mwaka 1859 hakuhesabu mtu. Miaka kumi baadaye lilipokuja wimbi jingine la kipindupindu, alikuwapo wa kuandika: James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Unguja. Kitabu chake cha mwaka 1876 kinaufuata ugonjwa kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kutoka Pangani hadi Unguja mwishoni mwa Novemba 1869, kisha kusini hadi Kilwa. Alionyesha kwamba ugonjwa ulisafiri na watu, kwa jahazi na kwa misafara, na biashara ya watumwa, iliyowasukuma binadamu kwa mamia kutoka bara hadi mabanda ya Kilwa, iliupa mafuta. Milango ya Rufiji iko katikati ya njia hiyo. Vyombo viliingia humo kuchukua mchele na boriti za mikoko zilizojenga nyumba za Unguja na Arabuni. Hata hivyo Christie alihesabu alikokuwapo. Watu wa delta hawamo katika hesabu yake.

Walijikingaje? Tukiwatazama jinsi walivyoishi tunapata sehemu ya jibu. Bonde la Rufiji lilikaliwa na watu waliotawanyika. Mkulima wa mpunga alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akakaa humo na familia yake miezi ya mafuriko na ya kulinda mpunga, akifukuza ndege mchana na nguruwe na viboko usiku. Kutoka dungu hadi dungu kulikuwa na maji, na mtumbwi ndio uliokuwa njia. Kule kwenye visiwa vya delta, mikoko na vijito viliwatenganisha watu zaidi. Familia iliyojitenga namna hiyo ilikuwa imejiwekea umbali bila kuamriwa na yeyote. Ilipofika habari ya maradhi mjini, kuhamia shamba na kukaa huko ilikuwa njia ya kuokoka, na ndivyo watu wa pwani walivyofanya kila walipoweza.

Waliobaki mjini walikuwa na taratibu zao. Pwani nzima, maradhi yanapoingia, watu husoma Yasini na halbadiri, hutoa sadaka, na katika miji mingine ng'ombe alizungushwa mji mzima huku watu wakisoma dua kabla ya kuchinjwa na nyama yake kugawiwa maskini. Mganga naye alikuwa na nafasi yake, na Rufiji kulikuwa na waganga ambao sifa zao zilivuka mipaka. Ngarambe, katika nchi hiyohiyo, ndiko Kinjikitile Ngwale alikogawa maji yaliyowakusanya watu wa makabila mengi kabla ya Vita vya Maji Maji, na Mohoro, ukingoni mwa delta, ndiko Wajerumani walikomnyonga Agosti 1905. Tangu siku hiyo serikali ilikuwa na sababu ya kumhofia mganga wa Rufiji, na mwananchi alikuwa na sababu ya kutompelekea serikali siri za tiba yake. Nadhani uhusiano huo mbaya ulidumu muda mrefu kuliko watawala wenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza iliingia Rufiji mapema kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika vijito vya delta mwishoni mwa 1914 ikazamishwa humo tarehe 11 Julai 1915. Mwanzoni mwa 1917 mapigano yalikuwa yamefika kwenye mto wenyewe, mvua kubwa zikanyesha, na majeshi ya pande zote mbili yalikula chakula cha wenyeji na kuwachukua vijana wao kubeba mizigo. Wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa. Kisha, katika miezi ya mwisho ya 1918, ikaja homa ya mafua iliyokuwa ikiua dunia nzima. Iliingia kwa meli na reli, ikasambaa kwa miguu ya wapagazi waliokuwa wakirejea makwao.

Mwanahistoria John Iliffe amekadiria kwamba mafua hayo yaliua kati ya watu 50,000 na 80,000 Tanganyika. Tazama pengo lililo kati ya namba hizo mbili. Watu 30,000 wamo au hawamo, na hakuna awezaye kusema. Utawala wa Wajerumani uliokuwa na maakida wa kuandika kodi ulikuwa umevunjika; ule wa Waingereza chini ya Horace Byatt ulikuwa bado unajipanga. Na watu wenyewe walikuwa wameshazika sana hata kabla ya mafua kufika. Katika masimulizi ya wazee, vita na njaa vimechukua nafasi yote; mafua yamemezwa humo ndani. Ukiuliza wananchi waliyapokeaje mafua ya 1918, jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba walikuwa wamechoka. Hapakuwa na zahanati ya kukataa wala amri ya kupinga. Mgonjwa alilala ndani siku tatu au nne, akapona au akazikwa, na waliomzika wakaanza kukohoa.

Naruka miaka karibu sitini.

Oktoba 1977, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, aliota vipele. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, na alipona. Ugonjwa ulioitesa pwani yote kwa karne nyingi ulikomea kwa mtu wa pwani. Mwezi huohuo, kusini zaidi kwenye ufuo uleule, Tanzania ilianza kuhesabu wagonjwa wa kipindupindu, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kupigwa. Wagonjwa kumi wa kwanza wa zama hizi walikuwa wametajwa nchini mwaka 1974. Hao wa 1977 hawakuwa kumi tena.

Rufiji ya 1977 haikuwa ile ya madungu. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali ilianzisha Operesheni Rufiji ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa vilivyopangwa kwa mistari. Yalikuwapo mema katika hilo, nami siyakatai: shule, zahanati, barabara inayofikika. Lakini watu waliokuwa wakinywa maji ya mto mpana au ya visima vyao vilivyotawanyika sasa walikusanyika kwa mamia kuzunguka visima vichache, na vyoo vikawa jirani na visima. Upande wa delta tatizo lilikuwa jingine. Huko maji ya bahari yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, visima vifupi vinaingia chumvi, na mwanamke anapanda mtumbwi kwenda kutafuta maji baridi akiangalia saa ya maji kujaa. Vijidudu vya kipindupindu hupenda maji ya namna hiyo yaliyochanganyika, ya chumvi kidogo na ya joto, na huweza kukaa humo hata kama hakuna mgonjwa hata mmoja.

Serikali ilikuwa na silaha moja nzuri iliyokuwa imeinoa kabla. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takribani milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba choo. Kilichonivutia siku zote katika kampeni ile ni kwamba haikumpa mwananchi amri peke yake. Ilimweleza sababu, ikamwachia muda wa kubishana na jirani yake, ikamwomba afanye jambo lililo ndani ya uwezo wake.

Kipindupindu kilipoingia, lugha ikabadilika. Ikaja na bwana afya, marufuku za kuuza vyakula barabarani na pombe za kienyeji, vizuizi vya safari, na kambi. Mgonjwa aliyeingia kambini alitengwa na ndugu zake, na akifa alizikwa chini ya usimamizi wa watu wa afya, bila kuoshwa na kukafiniwa kama dini inavyotaka. Kwa Mwislamu wa Rufiji hilo lilikuwa zito kuliko kifo chenyewe. Wapo waliowaficha wagonjwa wao. Sioni ujinga hapo. Naona mtu anayepima mambo mawili mabaya, kambi isiyorudisha maiti na kitanda cha nyumbani, akachagua la pili.

Kilichobadilisha uamuzi huo ni matokeo. Kambi zilipokuwa na dripu na maji ya chumvi na sukari, na mtu aliyepelekwa akiwa amelegea macho yamezama akarudi siku ya tatu akitembea, habari ilienea haraka kuliko redio. Kila nyumba ilijifunza kipimo: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, mgonjwa anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa ameshaonyesha mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bengali, kwamba maji ya namna hiyo hushusha vifo kutoka karibu theluthi moja ya wagonjwa hadi takribani asilimia 4. Kwetu ilichukua muda. Kati ya 1977 na 1992, katika kila wagonjwa kumi wa kipindupindu waliohesabiwa Tanzania, mmoja alikufa.

Sehemu nyingine ya kisa hiki haisimuliwi sana, nami naona ndiyo yenye funzo kwa wakubwa. Mwanzoni mwa mlipuko ule, vijidudu vyote vilivyopimwa viliuawa na dawa ya tetrasaiklini. Kwa hofu, dawa hiyo ikagawiwa kwa wingi mno, kwa wagonjwa na pia kwa wazima waliodhaniwa wamekaribiana nao. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vijidudu vilikuwa sugu. Fred Mhalu na wenzake walilichapisha hilo mwaka 1979 katika jarida la The Lancet. Tunapenda kusema umma uliingiwa na taharuki. Hapa iliyotaharuki ni serikali, ikafanya ambacho mwananchi anayejifukiza majani hufanya: ilitumia dawa iliyokuwa mkononi kwa kila mtu, ikitumaini. Tofauti ni kwamba wataalamu wake walipima, wakaona kosa, wakalitangaza kwa jina lao.

Kipindupindu hakikuondoka tena. Mwaka 1992 kilipata watu 18,526 nchini na kuua 2,173. Mwaka 1997 kilipata 40,249 na kuua 2,231. Tazama hesabu hizi pia: wagonjwa zaidi ya mara mbili, wafu karibu walewale. Kambi zilikuwa zimejifunza kazi.

Na Rufiji ikawa mahali pa ajabu kwa hesabu. Kuanzia mwishoni mwa 1998, chini ya mradi wa afya wa TEHIP na baadaye Taasisi ya Afya Ifakara, wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne katika vijiji vilivyokuwa na watu takribani 85,000, vingi vikiwa upande wa barabara ya Kilwa, Kibiti ikiwamo. Waliandika aliyezaliwa, aliyehama, aliyefariki. Msiba ulipotokea, baada ya muda wa heshima, mdadisi alirudi akaketi na wafiwa na kuuliza taratibu: alianza lini kuumwa, homa ilipanda vipi, alipelekwa wapi kwanza, alipewa nini. Madaktari wakasoma majibu hayo na kukadiria sababu ya kifo. Katika Afrika yote palikuwa na maeneo machache sana yaliyojua wafu wao namna hiyo. Fedha za dawa zikaanza kufuata ugonjwa unaoua kweli, na ndani ya miaka michache vifo vya watoto katika Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya nyingine ya mradi huo, vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Hesabu hizo zilivunja pia hadithi moja ya zamani. Utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu waliofariki kwa homa kali za malaria katika eneo hilo ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu yao walipelekwa kwanza kwenye tiba ya hospitali au dawa za dukani. Walioanzia kwa mganga walikuwa wachache, hata pale ambapo mtoto alishikwa na degedege, ugonjwa ambao wengi wetu tuliambiwa kuwa ni wa mganga tu. Watu wa Rufiji walikuwa wakienda hospitali. Wengi walifika wamechelewa, au walifika zahanati isiyo na dawa.

Kabla ya korona, Kibiti ilipitia jambo jingine ambalo lazima nilitaje. Kati ya 2015 na 2017, viongozi wa vijiji na vitongoji, wanachama wa chama tawala na askari waliuawa mmoja baada ya mwingine katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Vyombo vya dola vikaingia kwa nguvu, watu wakakamatwa, wengine familia zao hazijawaona tena, na pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Kwa hiyo wakati dunia mwaka 2020 inajifunza maana ya kufungiwa na kuogopa hodi ya usiku, Kibiti ilikuwa imetoka huko juzi. Kumtajia mgeni mwenye daftari nani katoka safari na nani anaumwa halikuwa jambo jepesi, na asiyekumbuka hilo hawezi kuwaelewa watu hawa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Kwa wiki chache Kibiti ilifanya kama ilivyofanya nchi nzima: ndoo za maji tiririka zikawekwa milangoni mwa maduka na misikiti, watu wakaacha kupeana mikono, mabasi ya kutoka Mbagala yakatazamwa kwa wasiwasi. Aprili, Rais John Magufuli aliita siku tatu za maombi ya kitaifa. Mwanzoni mwa Mei hesabu iliyotangazwa ilikuwa hii: wagonjwa 509, vifo 21. Hiyo ndiyo ikawa hesabu ya mwisho kwa zaidi ya mwaka mmoja. Siku hizohizo Rais akasema sampuli za papai na mbuzi zimepimwa zikakutwa na virusi, na vipimo vyenyewe vikatiliwa shaka. Juni akatangaza kwamba korona imeondoka kwa nguvu za Mungu.

Namkumbuka Magufuli kwa mengi aliyoyajenga, na hofu yake kwamba kufungia watu wanaokula kwa kibarua cha siku kungewaua kwa njaa ilikuwa hofu ya haki. Hata mvuvi wa kamba wa delta asingeweza kukaa ndani wiki mbili. Lakini kuacha kuhesabu lilikuwa kosa kubwa, na liliwagharimu watu. Lilimwondolea mwananchi kile kilichomsaidia mwaka 1977, yaani kujua. Simu zilijaa video za mazishi ya usiku Dar es Salaam. Redio ikasema hakuna ugonjwa. Maiti zikaletwa nyumbani kwa barabara ya Kilwa kama kawaida, na watu wakaenda kuzika kama kawaida, kwa mamia, wakikaa matanga kwenye mkeka mmoja, kwa sababu wakuu walisema hakuna la kuogopa.

Kilichobaki mikononi mwao ni chungu. Mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, tangawizi, ndimu zilizokatwa pamoja na maganda. Maji yachemke hadi nyumba nzima inukie. Kisha mtu ainame, afunikwe blanketi, avute mvuke hadi jasho limtiririke. Serikali ilihimiza, na hospitali kubwa ziliweka vibanda vya kujifukizia. Bibi ambaye mwaka 1977 bwana afya alimkanya asitumie majani, sasa aliambiwa na wakubwa kwamba majani ndiyo dawa. Silaumu kujifukiza. Mvuke ulimpa mtu nafuu ya kifua na jambo la kufanya wakati wa hofu. Kilichouma ni kwamba safari hii hapakuwa na kambi yenye oksijeni ambayo matokeo yake yangeshindana na chungu, kwa kuwa rasmi hapakuwa na ugonjwa.

Mwanzoni mwa 2021 wimbi la pili lilikuja na msamiati wake: nimonia, changamoto ya upumuaji. Tarehe 17 Februari alifariki mwanasiasa wa Zanzibar Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba anaugua korona. Tarehe 17 Machi akafariki Rais Magufuli mwenyewe, na taifa likaambiwa ni maradhi ya moyo. Samia Suluhu Hassan aliapishwa siku mbili baadaye, akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani. Shehena ya kwanza ya chanjo ilikuwa na dozi 1,058,400.

Wengi hawakujitokeza, na tusiwashangae. Mtu aliyeambiwa kwa mwaka mzima kwamba ugonjwa haupo na chanjo za kigeni si za kuaminika, kisha akaambiwa na serikali ileile aje achanjwe, ana haki ya kuuliza nini kimebadilika. Uvumi wa utasa na wa mazombi ulikua kwenye nafasi iliyoachwa wazi na ukimya. Chanjo ilianza kupanda pale Mpango Harakishi na Shirikishi ulipoipeleka sokoni, minadani, misikitini na majumbani, ikichomwa na muuguzi anayejulikana kijijini. Kwa mara nyingine, watu waliifuata tiba ilipowafikia ikiwa na uso wanaoufahamu.

Aprili 2024 Rufiji ilifurika tena. Maji yalifunika Mohoro na mashamba ya Rufiji na Kibiti, vyoo vikafurika, visima vikazama. Wananchi wengi walilitaja bwawa jipya la Julius Nyerere. Serikali ilitaja mvua. Mei 4 Kimbunga Hidaya kikatua karibu na Mafia, na barabara ya kusini ikakatika Somanga. Kipindupindu kilikuwa tayari kimo nchini. Safari hii watu walipanda miinukoni na serikali ikaja na mahema, dawa za kutibu maji na hesabu za kila siku. Yapo mengi yaliyolalamikiwa katika kambi zile, lakini watu walikwenda, na hawakulazimika kufichana.

Linabaki deni la 2020 na 2021. Waliofariki miezi ile katika Kibiti na Rufiji hawamo katika namba 21 wala katika namba nyingine yoyote iliyotangazwa wakati ule. Hata hivyo hawajapotea kama wale wa 1859 na 1918. Wake zao na watoto wao wako hai. Wanajua tarehe, kwa sababu hitma husomwa kila mwaka. Wanajua kikohozi kilianza lini, nani aliumwa nyumba hiyohiyo, walikwenda zahanati gani wakarudishwa na nini. Njia ya kuuliza maswali hayo kwa heshima na kupata jibu la kitabibu ilitumika kwa miaka katika vijiji hivihivi, na wapo wadadisi wenyeji waliofundishwa kazi hiyo wakaifanya vizuri. Wizara ya Afya na Taasisi ya Afya Ifakara wanaweza kuirudisha kazi hiyo kwa muda: wapite tena nyumba kwa nyumba, kwanza upande wa barabara, kisha kwa boti kutoka Nyamisati hadi visiwa vya delta, waulize juu ya miaka miwili tu, wakaandike. Wafanye hivyo mapema, wakati wafiwa bado wanakumbuka siku na saa.